Mwenyekiti Asiye na Leseni

Kwa miaka mingi, mtu wa Kiamunyi akitaka kijana wake ajue kuendesha pikipiki, alimpeleka kwa Kigen. Kigen hakuwa na shule wala bango. Alikuwa na uwanja wa kanisa siku za kazi, pikipiki nyekundu iliyopauka, na sauti ya upole ambayo haikupanda hata mwanafunzi alipoparamia ua wa watu na kutawanya kuku. "Usiogope," alikuwa akisema. "Iambie tu unataka kwenda wapi."

Ndiye aliyeanzisha Steji ya Tangi, pale juu penye tangi la maji, mahali barabara ya murramu inapoanza kuteremka kuelekea lami ya Ravine. Mwanzoni alikuwa yeye na wenzake wawili wakigombania kivuli cha tangi. Siku hizi pikipiki hupangwa foleni hadi kwenye kibanda cha chapati, na wengi wa madereva ni wanafunzi wake. Sheria ya foleni ni moja: mgeni hupaki mwisho, chini ya bomba linalovuja, na husogea mbele kadiri wenzake wanavyomzoea. Nafasi ya kwanza, penye nguzo ya tangi ambapo hapana tope, ilikuwa ya Kigen.

Uenyekiti alipewa bila kura. Ni mtu mrefu, mwembamba, asiye na maneno mengi, na chini ya rifleka yake, kizibao king'aacho cha wanabodaboda, huvaa sweta ya kijani aliyofumiwa na mkewe, Linah, hata jua linapochoma. Wajawazito wanaokwenda kliniki walikuwa wakimsubiri yeye hata kama pikipiki nyingine zilikuwa tayari, kwa sababu Kigen hupita kwenye mashimo kana kwamba amebeba trei ya mayai.

Kati ya yote aliyowafundisha vijana, moja lilimpa sifa hadi steji za jirani. Lilikuwa kupiga fri. Tangi liko juu na lami iko chini, na mteremko wa katikati ni mrefu. Kigen ndiye aliyegundua kwamba ukizima injini palepale kwenye lango la kanisa, ukaweka gia fri, pikipiki itateremka yenyewe hadi lami bila kunywa hata tone la petroli. Ukizima kabla ya lango, itasimama njiani na utasukuma mbele ya abiria wako. Ukizima baada ya lango, umepoteza petroli bure. Kila mwanafunzi wake alionyeshwa lango hilo kabla hajaruhusiwa kubeba mtu.

Jambo moja tu halikujulikana. Kigen hakuwa na leseni.

Alianza kazi zamani, wakati hakuna aliyeuliza. Walipoanza kuuliza, alikuwa tayari mwalimu, na nani atamwuliza mwalimu cheti? Askari wakisimama kwenye lami, alijua vichochoro vyote vya kumfikisha mjini bila kukutana nao. Kila Januari alimwambia Linah kwamba mwaka huu lazima aende akafanye mtihani. Kila Desemba Linah alimkumbusha, naye akasema Januari.

Mwezi wa sita, alasiri moja baada ya mvua, kijana wa steji anayeitwa Maxwel alikuwa amembeba Chesang, mwalimu wa chekechea, wakiteremka kwenda lami. Pale chini, pikapu ya maziwa ikatoka kinyumenyume kwenye lango la boma. Maxwel alishika breki, tairi likateleza kwenye tope, wakaenda wote chini ya pikapu. Maxwel alivunjika mguu. Chesang alivunjika mkono, karibu na kifundo. Dereva wa pikapu alishuka, akawa anarudia jambo lilelile kwa kila aliyefika: "Nilisimama getini, nikasikiliza. Wallahi sikusikia kitu." Watu walikuwa na hasira, na hakuna aliyemjali.

Kesho yake wakazi walijaa penye tangi. Wazazi wa chekechea walitaka steji ifungwe. Ikajulikana kwamba Maxwel hakuwa na leseni, na kelele zikazidi. Kigen akasimama juu ya jiwe. Alikuwa na huruma kwa Maxwel, alikuwa na aibu kwa ajili ya mwalimu Chesang, na alitaka kuiokoa steji yake.

"Sikieni," alisema. "Siku shule zitakapofunguliwa muhula wa tatu, asiye na leseni habebi mtu hapa. Awe nani, awe nani."

Watu wakapiga makofi. Makokha, katibu wa steji, mtu wa Bungoma ambaye hata matangani hakosi utani, akapiga honi ya pikipiki yake kwa furaha. Kigen akashuka kwenye jiwe. Mguu ulipogusa chini ndipo aliposikia alichokuwa amekisema.

Jioni alimkuta Linah mlangoni akifuma sweta za shule.

"Mmekubaliana nini?"

"Asiye na leseni habebi mtu."

"Na nani alisema hivyo?"

"Mimi."

Linah aliacha sindano. Akamtazama mumewe, kisha bega likaanza kutikisika, na mwishowe akacheka hadi akafuta macho kwa sweta ya mtoto wa watu.

"Baba Kibii. Umejifukuza kazi mbele ya watu, na wakakupigia makofi."

"Nitafanyaje sasa?"

"Si uende shule? Kibii anaenda kila siku na hajafa."

"Nikionekana?"

"Utaonekana ukisoma. Kuna ubaya gani?"

Lakini kwa Kigen ubaya ulikuwepo. Steji ile ilikuwa kila kitu alichowahi kuanzisha kikasimama. Hakuwa na shamba la maana. Hakumaliza darasa la nane. Alipokuwa akipita, watu wazima walimwita mwenyekiti, na vijana waliondoa mikono mifukoni. Kama hangekuwa na leseni shule zikifunguliwa, angelazimika kuondoka pale kwa mdomo wake mwenyewe.

Kwa hiyo akaenda kimya. Alimaliza mambo ya usajili, akapata ruhusa ya mwanafunzi, na siku za masomo akawa anaiacha pikipiki kwa shemeji yake huko Section 58, anakunja rifleka na kuitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha anatembea hadi shule ya udereva iliyokuwa karibu na hapo. Mwalimu wa pikipiki alikuwa msichana wa Bondeni, Sumeya, hijabu yake imebanwa vizuri chini ya helmeti. Wanafunzi wengine walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi juzi.

"Karibu, mzee," Sumeya alimwambia. "Umewahi kupanda pikipiki?"

"Kidogo."

"Haya. Nionyeshe hicho kidogo."

Kigen alipanda, akawasha, akaondoka taratibu. Hakuwa amefika mbali Sumeya akainua mkono.

"Simama hapo. Mzee, mbona umekaa juu ya tangi la mafuta? Nyuma yako kuna nani?"

Kigen akageuka kutazama. Nyuma yake kulikuwa na kiti kitupu, kirefu, kinachoweza kutosha wamama wawili wanene na mfuko wa viazi. Vijana wakaangua kicheko. Kigen naye akajikuta anacheka.

Sumeya alimsogelea, akashusha sauti. "Miaka mingapi?"

"Mingapi nini?"

"Ya hicho kidogo."

"Kumi na tano."

"Na leseni?"

Kigen akaangalia viatu vyake.

"Basi kazi yangu imekuwa mara mbili," Sumeya alisema. "Hawa nawafunza tu. Wewe itabidi nikutoe kwanza ulikokwenda, ndipo nikurudishe."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipotaka kukata kushoto, Kigen alitoa mguu wa kushoto hewani kama wafanyavyo wanabodaboda wote.

"Huo mguu unaenda wapi?"

"Nakata kushoto."

"Kuna taa ya kazi hiyo, mzee. Mguu una kazi yake."

Breki ya mbele hakuigusa kabisa. Alisema breki ya mbele huangusha watu.

"Inamwangusha anayeikaba shingo," Sumeya alisema. "Ibonyeze kama unavyobonyeza parachichi sokoni. Unataka kujua kama limeiva, hutaki mwenye kibanda akutukane."

Siku hiyo alibonyeza breki ya mbele, na pikipiki ikasimama pale alipotaka, bila kuburuza kiatu. Akarudia mara nyingine, na nyingine, hadi kijana aliyekuwa akisubiri zamu akalalamika.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa mji wa mbao. Ndani ya darasa kulikuwa na meza pana iliyochorwa barabara, raundabauti na vivuko, na mwanafunzi alisogeza kigari cha kuchezea akieleza anachofanya. Kigen, ambaye amepita raundabauti za Nakuru mchana na usiku, alishika kile kigari kwa vidole viwili, jasho likamtoka.

"Umefika hapa," Sumeya alisema. "Lori linatoka upande ule. Nani anapita kwanza?"

"Lori."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni lori."

Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko. Sumeya mwenyewe aligeukia ukuta kwa muda. Alipogeuka tena alisema, "Barabarani ndivyo tunavyoishi, ni kweli. Lakini afisa atakuuliza nani ana haki ya kupita, hatakuuliza nani ana tairi kubwa." Kisha akamweleza polepole, bila kumdharau, na Kigen akaelewa kwamba mambo mengi aliyoyaita kanuni yalikuwa woga tu uliozoeleka.

Nyumbani Linah alimhoji huku akifuma. Maana ya mstari usiokatika. Maana ya kibao cha pembe tatu. Akikosea, Linah alifumua safu moja ya sweta, kwa sauti, ili asikie.

Hivyo Kigen alifika siku ya mtihani akiwa na uhakika, na Sumeya alikuwa na uhakika zaidi. Ilikuwa Ijumaa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Mji wa mbao aliumaliza bila kutaja lori. Maswali ya vibao aliyajibu. Uwanjani alizungusha namba nane kati ya koni bila kugusa hata moja, amekaa mahali panapofaa, helmeti imebanwa kidevuni. Afisa wa mtihani, mwanamume mfupi wa kofia ya sufi, alimwonyesha njia ya mwisho: apande barabara iliyo nyuma ya uwanja, azunguke kwenye mti wa mkakaranda, arudi kwa kuteremka hadi hapo alipo.

Kigen alipanda. Akaangalia kioo, akaangalia begani, akawasha taa ya kukata kona, akazunguka. Mbele yake mteremko ukafunguka, mrefu, mweupe kwa jua.

Hapo mkono wake ukafanya kazi ambayo haukutumwa. Ufunguo uligeuka. Gia ikaingia fri. Kukawa kimya. Kimya hicho alikijua vizuri, cha upepo masikioni na changarawe chini ya matairi, na kwa kitambo kilimpendeza. Alikuwa amefika katikati alipotambua kwamba ni yeye aliyezima.

Alisimama mbele ya afisa, taratibu, mahali palepale alipoonyeshwa.

"Imezima?" afisa aliuliza.

Kigen aliutazama ufunguo.

"Kama imezima yenyewe, sema. Pikipiki za shule huchoka. Tutaitazama, urudie hicho kipande."

Ilikuwa sauti ya mtu mwema ambaye amemwona mzee akifanya vizuri tangu asubuhi. Kando ya ua, Sumeya alikuwa amefumbata mikono, akitikisa kichwa kidogo kumhimiza akubali. Kigen alihitaji kusema ndiyo tu. Jumatatu angepaki penye nguzo.

"Haikuzima," alisema. "Nimeizima."

"Kwa nini?"

"Kwetu tunateremka hivyo."

"Nani aliwafundisha?"

Kigen aliugeukia mteremko aliotoka.

"Mimi," alisema.

Afisa alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mzee, ukizima, injini haikusaidii tena kuishika pikipiki. Umeziachia breki kazi yote peke yake, na kama kuna tope, basi. Halafu aliye kule chini hakusikii ukija. Siwezi kukupitisha. Jiandae urudi mtihani ujao."

Sumeya alimfuata hadi langoni. "Sikukuuliza kuhusu mteremko," alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Uwanja wangu ni tambarare, mzee. Sikuwaza."

"Hukuwa na namna ya kujua," Kigen alimwambia. Lakini hakuwa akimsikiliza vizuri. Alikuwa akimsikia yule dereva wa pikapu. Nilisimama getini, nikasikiliza.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa kina Maxwel, nyuma ya kinu cha posho. Maxwel alikuwa amekaa nje, mguu wenye plasta juu ya mtungi, akijikuna ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia aliyopewa na Linah.

"Niaje, mwenyekiti!"

"Poa. Mguu?"

"Unawasha kuliko ulivyouma."

Kigen akakaa kwenye ngazi. "Siku ile, ulikuwa umezima injini?"

"Eeh, nilipiga fri. Palepale kwa lango la kanisa, vile ulinifunza." Maxwel alitabasamu kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. "Hata tone, mwenyekiti."

"Yule wa pikapu hakukusikia."

"Alisema hivyo?"

"Alisema mbele yetu sote. Sisi ndio hatukumsikia."

Tabasamu la Maxwel likapungua. Alichomoa sindano, akaigeuzageuza. "Lakini si makosa yako. Mimi ndiye nilikuwa juu."

"Ulikuwa juu. Lango nilikuonyesha mimi." Kigen akasogea karibu. "Nimetoka kufanya mtihani leo. Nimefeli, kwa sababu ya hiyo fri. Sina leseni, Maxwel. Sijawahi kuwa nayo."

Maxwel alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika mguu kwa maumivu. "Wewe? Wacha! Wewe?" Alipotulia aliinama mbele. "Sikia, mwenyekiti. Umeniambia mimi, inatosha. Jumatatu Makokha atakagua wote, lakini wewe hatakugusa. Nani atamkagua mwenyekiti?"

Kigen alilijua hilo. Alilibeba Jumamosi yote, akaenda nalo kanisani Jumapili, akakaa nalo kwenye benchi huku kwaya ikiimba. Kupitia dirisha aliliona lile lango.

Jumatatu asubuhi alifika penye tangi kwa miguu.

"Aisee!" Makokha alipaza sauti. "Kumbe mwenyekiti ana miguu! Na ni miwili!"

"Nduthi imekufa?" mwingine aliuliza.

"Iko nyumbani. Nzima."

Makokha alikuwa akipita kwenye foleni akikagua leseni kwa mbwembwe, anazisogeza mbali na macho kama daktari anayesoma picha ya mifupa. "Wewe hapa unafanana na mtu aliyeiba kuku, lakini ni wewe. Pita." Wanne hawakuwa nazo. Aliwatoa kando, na hakuna aliyebishana, kwa kuwa sheria ilikuwa ya mwenyekiti.

"Tumemaliza," Makokha alisema.

"Hujanikagua mimi."

"Wacha mchezo, mwenyekiti."

"Nikague, Makokha."

Makokha akanyoosha mkono kwa utani. Mkono ukabaki hewani, mtupu.

"Sina," Kigen alisema. "Nilifanya mtihani Ijumaa nikafeli. Kabla ya hapo sikuwahi kuufanya."

Mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Kisha hakuna aliyecheka. Kisha maneno yakatoka pande zote. "Na vile ulinitoa uwanjani kwa sababu ya helmeti!" "Mimi nimehangaika miezi miwili na mji wa mbao kwa ajili ya sheria yako!" Makokha peke yake alikuwa kimya, na Makokha akinyamaza watu huogopa.

Kigen aliwaacha wamalize. Kisha akawaeleza kuhusu mteremko, ule ukimya, pikapu na lango. Hakupamba. Alisema, "Hilo lango niliwaonyesha mimi. Sasa nawaomba mlisahau."

"Petroli nayo?" kijana mmoja alifoka. "Utatununulia wewe?"

"Sitawanunulia. Lakini Maxwel yuko nyumbani anajikuna kwa sindano, na mwalimu Chesang anashika chaki kwa mkono wa kushoto."

Alivua rifleka, akaitundika kwenye msumari wa nguzo, akavuka barabara pamoja na wale wanne.

Wiki zilizofuata Kiamunyi ilizoea kumwona mwenyekiti akitembea. Alimsaidia Linah kupeleka sweta kwenye shule za Milimani, akazibeba begani. Mchana alikaa na wale wanne ng'ambo ya steji. Alichora raundabauti kwenye vumbi kwa kijiti, vizibo vya soda vikawa magari, kopo la rangi likawa lori.

"Nani anapita kwanza?" aliwauliza.

"Lori!" walijibu wote kwa pamoja.

Kigen alicheka peke yake kwa muda mrefu, wao wakitazamana. Kisha akawaeleza, polepole, kama alivyoelezwa.

Asubuhi, wakati wa watoto kwenda shule, alisimama kwenye lango la kanisa. Pikipiki ikipita bila mlio, alipaza sauti, "Washa!" Wengine waliwasha. Wengine walimpungia mkono wakateleza wakiwa kimya hadi chini, na mmoja alimwambia, "Mzee, kwanza tafuta leseni." Kesho yake Kigen alikuwa palepale.

Siku moja Chesang alipanda mteremko akamkuta hapo. Mkono ulikuwa umefunguliwa plasta, mwembamba kuliko mwenzake. Kigen alivua kofia.

"Mwalimu, mimi..."

"Maxwel ameshaniambia," Chesang alisema. "Sikuja kwa hilo. Nimekuja kukwambia kwamba sasa nikivusha watoto pale chini, nawasikia wa pikipiki wakija. Si wote. Lakini zamani sikumsikia hata mmoja." Akaangalia mteremko. "Endelea kuwapigia kelele."

Usiku wa kuamkia mtihani wa pili, Linah alichukua ufunguo wa pikipiki, akaufunga uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta, akaufanya fundo nene. "Ukifika shule, ufunguo wao nao uufunge hivi," alimwambia, akampa kipande kingine. "Mkono wako haukusikii wewe. Labda utanisikia mimi."

Sumeya hakuuliza kitu alipomwona akifunga uzi kwenye ufunguo wa shule. Afisa alikuwa yuleyule, na kofia ileile. Namba nane, koni, taa, mkakaranda. Mteremko ukafunguka tena. Mkono wa Kigen ukaondoka kwenye usukani, ukaenda, vidole vikagusa fundo la uzi. Vikabaki hapo kidogo. Kisha vikarudi. Injini ikateremka ikinguruma njia nzima, na kule chini mwanamke aliyekuwa akivuka na mtungi wa maji aligeuka, akaona, akasimama pembeni kumpisha.

"Huo uzi ni wa nini?" afisa aliuliza alipokuwa akitia sahihi.

"Ni wa mke wangu."

"Mwambie amefaulu."

Leseni ilipotoka, Kigen alifika penye tangi juu ya pikipiki yake nyekundu, uzi ukipepea kwenye ufunguo. Makokha aliipokea leseni, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma.

"Picha si nzuri," alisema, "lakini hata wewe si mzuri. Pita."

Watu wakacheka, na kijana aliyekuwa akipaki penye nguzo, yule aliyefoka kuhusu petroli, akaanza kusukuma pikipiki yake kumwachia nafasi.

"Bakia hapo," Kigen alimwambia. Akageukia Makokha. "Mgeni anapaki wapi?"

Makokha akaonyesha kwa kidole, mwisho kabisa wa foleni, chini ya bomba. Kigen aliisukuma pikipiki kupita wanafunzi wake wote, akaiweka kwenye tope, akasubiri zamu yake huku maji yakimdondokea begani.